Nilivyoisingizia Chaja ya Shemeji

Bi Mwanaheri, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa kazini, masjala, nyuma ya kabati la mafaili ya watu waliostaafu, kwa sababu nyumbani siwezi kukaa mezani na kalamu mke wangu asiniulize naandika nini, na mie siku hizi nikiulizwa jambo dogo tu jasho linanitoka, kwa hiyo nivumilie mwandiko. Nina miaka arobaini na saba, naishi Tabata, nina mke na watoto wawili ambao wako shule ya bweni, na nyumbani naitwa Injinia. Sijasomea. Cheo hicho nilikipata mwaka wa kwanza wa ndoa, feni ya sebuleni ilipogoma, nikaifungua skrubu zote, nikazipanga juu ya gazeti, nikazitazama kama saa nzima hivi, nikazirudisha, feni ikazunguka, watu wakanipigia makofi, na sijamwambia mtu mpaka leo kwamba waya wake ulikuwa umechomoka tu kwenye soketi nyuma ya kochi.

Toka siku hiyo hakuna kitu cha umeme kinachoingia nyumbani kwangu bila mie kutoa maoni, na maoni ninayo mengi.

Mwezi wa pili mama mkwe wangu aliletwa kutoka Tukuyu kwa ajili ya presha. Daktari akampa vidonge, akasema apimwe asubuhi na jioni na namba ziandikwe kwenye daftari. Mashine ya kupimia aliinunua shemeji yangu Filomena, mdogo wake mke wangu, tunaishi naye, anafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja ya ufukweni huko Kunduchi. Filomena ni mtu wa mpangilio. Yeye ndiye aliyekuwa akimpima mama yake kabla ya kwenda kazini na akirudi, anaandika tarehe, anapiga mstari kwa rula.

Sasa huyu Filomena alikuja na chaja yake, nyeupe, ndogo kama kipande cha sabuni, imeandikwa wati sitini na tano, na kwa hiyohiyo moja anachaji simu, kishikwambi na laptopu. Jambo hilo liliniudhi kuliko ninavyoweza kueleza, maana mie nilishatangaza nyumba nzima kwamba chaja kubwa inaua simu. Nikamwita, nikamkalisha, nikamwambia, "Shemeji, simu yako inataka wati kumi au kumi na tano. Wewe unaipa sitini na tano. Ni sawa na kumnywesha mtoto mchanga kwa bomba la zimamoto."

Akasema, "Lakini shemeji, mbona haipati hata joto?"

Nikamwambia, "Inaungulia ndani."

Hapo ujue kwamba mie mwenyewe natumia chaja niliyonunua kwa machinga kwenye mataa, inachemka kiasi cha kunyooshea kola ya shati, ila inachaji polepole, na upole wake niliuchukulia kuwa ni adabu.

Basi Jumapili moja wote walikwenda kanisani, mie nikabaki nikisingizia mgongo. Nikaona mashine ya presha iko mezani imeisha betri, na adapta yake siioni, nikasema huu ndio wakati wa Injinia, wakirudi wakute inawaka. Nina boksi la waya chini ya kitanda, Bi Mwanaheri, kila adapta iliyowahi kupita nyumbani kwangu imo, mke wangu amelitupa mara mbili na mara mbili nimelirudisha kutoka jalalani. Nikachagua adapta ya laptopu yangu ya zamani iliyokufa, ya pini ya duara. Nikaijaribu kwenye tundu la mashine. Ikaingia vizuri kabisa, bila kulegea, na mie nikajisifu kwa sauti, peke yangu sebuleni. Sikusoma kilichoandikwa kwenye adapta. Sikusoma kilichoandikwa kwenye mashine. Nikawasha soketi ya ekstensheni. Kioo kiliwaka cheupe, sijawahi kukiona kinawaka vile, ikasikika kama mtu anavunja njiti ya kiberiti, ikaja harufu ya plastiki, kikazima.

Ningeweza kungoja pale pale wakarudi nikasema nimeharibu. Nimeliwaza hilo kila siku. Nilichofanya ni kufungua madirisha, kurudisha adapta kwenye boksi na boksi chini ya kitanda, nikalala chali kama mtu anayeumwa mgongo.

Waliporudi mke wangu Atuganile akasema, "Kuna harufu gani humu?" Na hapo, juu ya ekstensheni ileile, ilikuwapo chaja ya Filomena, haina hata simu. Mdomo wangu ukasema wenyewe, "Ni chaja ya shemeji. Imevuta moto, ikaipiga mashine ya mama."

Filomena akasema, "Lakini shemeji, nimekuwa nachaji hapo kila siku na mashine ipo."

Nikasema, "Ndiyo maana. Madhara yalikuwa yanajikusanya."

Walinisikiliza, Bi Mwanaheri. Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa hesabu, alinisikiliza. Nikachora na mchoro nyuma ya bahasha, mishale inatoka kwenye chaja inaingia kwenye mashine. Tukakubaliana kwamba chaja ifungiwe kabatini na funguo nikae nazo mie, na Filomena akasema kwa sababu kosa ni lake atanunua mashine nyingine akipokea mshahara. Mke wangu akasema kwa sasa mama awe anapelekwa duka la dawa kupima, ni hatua chache tu. Mie nikasema hamna haja, ni wiki mbili, mama mwenyewe anaonekana mzima. Nilisema hivyo kwa sababu nilitaka habari za mashine zife, nisizisikie tena mezani.

Mama mkwe akawa anajipima kwa hisia. Akiamka anasema, "Leo niko vizuri." Na kwa sababu alikuwa anajiona vizuri akaanza kukata kidonge nusu, anaweka nusu kwenye kona ya kitenge. Siku ya kumi na mbili alikuwa anaanika nguo nyuma ya nyumba, akakaa chini kwenye maji ya kufulia, akashindwa kuinuka. Tukamkimbiza kituo cha afya kwa bajaji. Presha ilikuwa mia moja tisini na nane kwa mia moja na kumi na mbili. Nesi akauliza, "Kwani hampimi nyumbani?" Mke wangu akajibu, "Mashine iliungua, ilichomwa na chaja ya mdogo wangu." Filomena alikuwa ameegemea ukuta wa korido na sare yake ya hoteli. Alijifunika uso kwa mikono miwili akalia bila sauti. Mie nilikuwa hatua mbili kutoka kwake nimeshika viatu vya mama mkwe.

Mama alilazwa siku mbili, sasa yuko nyumbani. Lakini jana Filomena amesema anahama. Amepata chumba na mfanyakazi mwenzake huko Kunduchi, anaondoka Jumamosi, anasema hawezi kumtazama mama yake usoni baada ya kukaribia kumuua. Mama mkwe anamlilia asiende, kisha ananigeukia mie, "Mwanangu Injinia, muongeleshe mwenzio." Mie ndiye nimechaguliwa kumbembeleza.

Naomba unisaidie kwa mambo mawili. La kwanza ni kama niseme, na nikisema nitaishije kwenye nyumba ile, maana si mke tu nitakayempoteza bali na mama mkwe anayenisifia mpaka kanisani. La pili, nalo naona haya kuliuliza, ni hili la chaja. Siku hizi naogopa zote, simu naichajia ofisini, nikiona kitu kimechomekwa moyo unadunda. Je, nilikuwa sahihi hata kidogo kuhusu hizi chaja kubwa?

Majina ya watu wangu nimeyabadilisha. La kwangu liache, nalistahili.

Wilbert,
Tabata

*

Wilbert, marahaba.

Barua yako niliisoma Jumatano asubuhi nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena. Kwenye feni nilicheka. Kwenye viatu vya mama mkwe sikucheka. Wewe una kipaji cha kujitania, na nakuonya mapema kwamba mtu akijicheka vizuri anaweza kudhani ameshatubu. Bado.

Ukurasa huu hutoka Jumapili na shemeji yako alikuwa anaondoka Jumamosi, kwa hiyo nilikupigia simu siku ileile. Wasomaji, anachosoma kila mmoja hapa kimeruhusiwa na Wilbert mwenyewe.

Nilikuuliza kwanza, "Mama tangu atoke kituoni anapimwa na nani?"

Ukasema, "Namwangalia uso, Bi Mwanaheri."

"Unamwangalia uso?"

"Asubuhi na jioni."

Nikakuagiza uache mafaili, uombe ruhusa, umpeleke mama duka la dawa saa ileile, kabla ya kufikiria aibu yako. Ulikwenda. Ilikuwa mia moja hamsini na sita kwa tisini na nne, imeshuka lakini haijakaa sawa, na muuza dawa akamwambia mama kwa upole kwamba kidonge cha presha hakikatwi kwa kujisikia vizuri, kinabadilishwa na daktari. Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote katika barua yako. Wewe uliogopa kutazamwa vibaya na mke wako, na kwa ajili ya hofu hiyo uliizuia nyumba nzima isitembee hatua chache kumpima mgonjwa. Uongo wako wa kwanza, ule wa harufu, naweza kuuelewa, mtu hushtuka. Huu wa pili uliutunga umetulia.

Agizo langu la pili lilikuwa useme kabla ya Jumamosi, mbele ya wote watatu, ukiwa na adapta mkononi, na usianze na habari za feni.

Ijumaa jioni ulinipigia. Ulisema uliweka mezani adapta na mashine iliyoungua, ukamwomba Filomena asome maandishi. Akasoma kwenye adapta, volti kumi na tisa. Akasoma chini ya mashine, volti sita. Akasoma tena, kisha akakutazama. Ukasema, "Ni mie. Nilichomeka mie mkiwa kanisani. Chaja yako haikuhusika."

Mke wako hakupiga kelele. Alisema, "Siku ishirini, Wilbert," akaingia chumbani akafunga mlango. Mama mkwe aliuliza swali moja tu, "Kwa hiyo mwanangu hana kosa?" Ukasema hana. Akasema, "Basi mfungulie kabati." Halafu akaongeza, na hili nakuomba ulishike, "Vidonge nilikata mwenyewe. Hilo usilibebe, litakuzidi."

Filomena alichukua chaja yake, na Jumamosi aliondoka vilevile. Ulitegemea akishajua ukweli atabaki, na ulinipigia ukiwa kama mtu aliyeonewa. Hukuonewa. Mwanzo alikuwa anahama kwa aibu isiyo yake. Sasa amehama kwa hasira, na hasira hiyo ni yake halali. Amekwenda akiwa anaweza kumpigia mama yake simu kila jioni bila kuinamisha kichwa, na hilo ndilo ulilokuwa unamdai wewe kumrudishia. Usimfuate Kunduchi na zawadi. Usimtume mama mkwe. Mwandikie ujumbe mfupi, umuombe radhi kwa kumfanya alie kwenye korido, usieleze sababu, usubiri. Akikaa miezi bila kujibu, subiri miezi.

Kwa Atuganile jiandae kwa ukimya, na ukimya huo usiujaze na utani. Mwalimu wa hesabu aliyekubali mchoro wa nyuma ya bahasha kwa sababu alikuamini ana mengi ya kuhesabu upya. Akikuuliza ni nini kingine ulimdanganya, jibu. Anza na feni.

Sasa la chaja. Mie si mtaalamu, na tofauti yangu na wewe ni kwamba nalijua hilo. Nilimuuliza mpwa wangu Suhaib, ana duka la kutengeneza laptopu na simu Kinondoni, nikamsomea kile kipande cha bomba la zimamoto. Alicheka mpaka mteja wake akauliza kuna nini.

Jibu lake ni kwamba hukuwa sahihi hata kidogo. Wati sitini na tano ni kiwango cha juu ambacho chaja inaweza kutoa, si kiasi inachokisukuma kwa nguvu kwenye kila kinachochomekwa. Chaja nzuri ya Type-C na simu vinaulizana kwanza. Simu inaomba kiasi chake, inapewa hicho. Laptopu inaomba zaidi, inapewa zaidi. Kwa hiyo Filomena kuchaji simu, kishikwambi na laptopu kwa chaja moja iliyo bora, tena isiyopata hata joto, alikuwa anafanya jambo salama kuliko wote hapo nyumbani. Simu ya zamani isiyojua lugha hiyo itachaji taratibu tu, haiungui.

Kinachoua, anasema Suhaib, ni volti isiyolingana. Adapta yako ya pini ya duara haimuulizi mtu. Imeandikwa kumi na tisa, inatoa kumi na tisa hata ukiichomeka kwenye kitu cha volti sita. Pini kuingia vizuri ni kipimo cha tundu tu, viwanda vingi hutumia pini za ukubwa mmoja kwa volti tofauti kabisa. Kabla ya kuchomeka adapta ya namna hiyo, soma kwenye adapta palipoandikwa inachotoa, soma kwenye kifaa palipoandikwa kinachohitaji, volti ziwe sawasawa, ampea za adapta zilingane na za kifaa au zizidi, na kile kimchoro kidogo cha alama ya kujumlisha na kutoa kifanane pande zote mbili. Kama maandishi yamefutika, hiyo si adapta tena. Na kifaa cha kumpimia mgonjwa hakijaribiwi na chochote, kitumie adapta yake au betri, basi.

Halafu nikamsomea Suhaib habari za chaja yako ya mataa, ile yenye adabu. Hakucheka. Aliniambia nikuambie uichomoe leo. Chaja kuwa na uvuguvugu ni kawaida, lakini ikichemka mpaka huwezi kuishika, au ikanuka, au ikawa nyepesi kama boksi tupu na maandishi yake yana makosa, hiyo ndani yake hakuna kinga inayostahili kuwepo, na siku yoyote inaweza kuiunguza simu au kukupiga shoti wewe. Uliifungia kabatini chaja nzima ukalala na mbovu karibu na mto wako. Waya uliochubuka nao utupe, usiufunge selotepu. Laptopu ipewe waya unaobeba kiwango chake, si kila waya mwembamba wa simu unaweza. Chaja isifunikwe na godoro, mto wala nguo, na ekstensheni moja isibebeshwe pasi, jiko na chaja kwa pamoja.

Lile boksi la chini ya kitanda mpelekee Suhaib au fundi mwingine aliye karibu nawe, akague, abakishe zenye maandishi na kifaa chake kinachoeleweka, nyingine zisirudi. Mashine mpya ya presha nunua wewe, si Filomena, na chukua na betri za akiba. Ukifika nayo nyumbani mpe Atuganile aifungue mwenyewe, asome karatasi ya maelekezo mpaka mwisho, wewe ukae pembeni umshikie boksi.

Na hofu uliyonayo ya kila kilichochomekwa itaisha ukianza kusoma maandishi. Uliogopa kwa sababu miaka yote ulikuwa unakisia.

Jumatatu mama ana kliniki. Ulisema mke wako anataka kuomba ruhusa shuleni ampeleke. Mwambie aende akafundishe, utakwenda wewe. Beba daftari na chupa ya maji, kaa naye kwenye benchi hata foleni ikifika mchana, na msiwe na haraka. Zamu yenu ikifika mweleze daktari, kwa kinywa chako, kwa nini daftari lina kurasa tupu. Kisha nyamaza, nesi apime. Usimwelekeze.